Kifaa ndani ya ubongo: kikifika huku, tukipokee?

Mwanzisha mada, Uyole

Ndugu zangu, mdogo wangu alianguka na bodaboda kwenye mteremko wa Mlima Nyoka miaka sita iliyopita, akavunjika shingo. Anaongea vizuri, anakumbuka kila kitu, ila kuanzia mabegani kushuka chini hawezi kitu. Juzi kaonyeshwa kwenye simu habari za Noland Arbaugh, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya majini mwaka 2016. Januari 2024 alipandikizwa kwenye ubongo kifaa cha kampuni ya Neuralink, na sasa anasogeza kishale cha kompyuta kwa kukusudia tu. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, kikifika huku utanisainia?" Sikuwa na jibu. Nimekuja kwenu.

Mwalimu, Mafinga

Kamwene. Pole sana kaka, na mpe pole mgonjwa. Lakini mimi napinga. Mashine inayosoma mawazo ya mtu leo inamsogezea kishale, kesho itamwambia mwajiri wake anachofikiri. Na hawa wenye makampuni wakishashindwa kwao, watakuja kujaribia kwetu.

Muuguzi, Mwanjelwa

Mimi hofu yangu ni vidonda vya kulalia. Mgonjwa wa uti wa mgongo anatoka wodini akiwa safi, baada ya miezi michache anarudishwa kidonda kimefika mfupa, mkojo umeingia maambukizi. Nyumbani hakuna godoro linalofaa, wala mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kiti cha magurudumu chenyewe hakipiti njia za vijijini kwetu mvua ikinyesha. Hela ikipatikana, ianzie hapo.

Mwanafunzi, Iyunga

Si lazima kichwa kipasuliwe. Tangu mwaka 1924 Hans Berger wa Ujerumani alishapima umeme wa ubongo kwa kuweka elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme, kichwani. Kofia za namna hiyo zipo, na zinajaribiwa kuwasaidia waliopata kiharusi kufanya mazoezi ya mkono. Hizo hata chuoni kwetu tunaweza kujifunza kuzitengeneza.

Mwanzisha mada, Uyole

Asanteni. Mwanafunzi, kofia ni nzuri lakini tujue kikomo chake. Umelala chini ya bati mvua inanyesha: unajua imezidi au imepungua, ila tone lililoangukia msumari fulani hulijui. Ndivyo kofia inavyousikia ubongo, fuvu likiwa katikati. Ndiyo maana wengine wanaingia ndani. Kifaa cha Arbaugh kina nyuzi 64 zenye elektrodi 1,024, zimechomekwa sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Seli zile bado zinatoa amri ingawa njia imekatika shingoni. Mgonjwa anaambiwa ajaribu kusogeza mkono kulia, kompyuta inarekodi. Ajaribu kushoto, inarekodi. Baadaye programu inalinganisha jaribio jipya na yale yaliyorekodiwa, ndipo inasogeza kishale.

Kwa hiyo mwalimu, hakisomi siri za moyoni. Kinatambua jaribio la kutenda, na mwenyewe anatakiwa akifundishe kwa bidii. Mwaka 2023 watafiti wa California walimwezesha mama aliyepoteza sauti kwa kiharusi kutamka kupitia kompyuta maneno 78 kwa dakika, lakini ilibidi ajaribu kuyasema. Hata hivyo hofu yako siidharau. Chile ilibadili katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayohesabu habari za afya kuwa nyeti. Ningependa ubongo utajwe kwa jina lake humo.

Dada muuguzi, wewe umenigusa, kwa sababu mke wangu na mimi ndio tunaomgeuza. Kila usemalo ni kweli. Ila sikubali kwamba mtu asubiri godoro kwanza ndipo aruhusiwe kutamani kuandika barua mwenyewe. Vyote viwili ni haki yake.

Kinachonitisha mimi ni kitu kingine. Nyuzi kadhaa za Arbaugh zilichomoka wiki chache tu baada ya upasuaji, na wahandisi walilazimika kurekebisha programu ili kifaa kifanye kazi tena. Mwili nao hautulii: unakizungushia kitu kigeni kovu, kama mti unavyoumeza waya wa uzio. Maana yake kifaa hiki kinataka fundi maisha yote. Sasa kumbukeni Argus II, kifaa cha macho kilichowekwa kwa vipofu zaidi ya 350 duniani. Kampuni iliyokitengeneza ikaacha kukizalisha, mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, na watu wakabaki na chombo ndani ya jicho bila wa kukitengeneza. Wengi wao walikuwa Ulaya na Marekani. Mtu wa Uyole atampigia nani?

Basi jibu nililompa mdogo wangu jana usiku ni hili: nitasaini, endapo mkataba utaandikwa kwa Kiswahili, utasema nani atalipia matengenezo na kukitoa kikiharibika, na fedha hizo ziwe zimewekwa benki hapa nchini kabla kichwa hakijaguswa. Akafikiri kidogo. Akasema niongeze na suala la betri, umeme ukikatika kikachajiwe wapi.

Muuguzi, Mwanjelwa

Kwa masharti hayo, hata mimi nitasaini kama shahidi. Lini nije kumwona? Nitakuonyesha namna ya kumgeuza ukiwa peke yako.