MREJESHO: Kusahihisha praktikali za kemia, kidato cha tatu

Wakuu, nimerudi. Niliomba ushauri kwa sababu nikirudisha praktikali vijana wanaangalia maksi tu, karatasi inaishia chini ya dawati. Nikafuata ule wa kuandika maoni bila maksi, wajisahihishe, alama zije kesho yake.

Kwenye titresheni (kupima ujazo wa asidi unaotosha kumaliza besi) ushauri huo umefanya kazi kweli. Wengi walikuwa wanaingiza usomaji wa pailoti (ule wa kwanza wa kukadiria tu, hauhesabiwi) kwenye wastani, niliuzungushia duara na kuandika, "Huu umefuata nini hapa?" Praktikali iliyofuata karibu wote waliuacha.

Maswali ya kueleza bado yamenishinda. Maoni ya Kiingereza hawayaelewi, nikaanza kumwita mmoja mmoja nimweleze kwa Kiswahili, ila wako 68, sikuwamaliza. Asanteni sana, hasa mwalimu aliyeniambia nianze na kosa moja tu.