Tupeane uzoefu: unatambuaje modemu kamili na ya programu kabla hujatoa hela?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanga, Kigoma mjini, kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Kinachoniumiza ni hizi mashine za msaada zinazoletwa mashuleni: mtu anatoa Windows, anaweka Linux, modemu ya laini ya mezani inanyamaza. Anaambiwa imeungua, ananunua nyingine, nayo hivyohivyo.

Mara nyingi haijaungua. Modemu kamili ina chipu zake mwenyewe: ya kugeuza data iwe mawimbi ya kupita kwenye laini, na ya kupokea amri na kusahihisha makosa. Modemu ya programu imenyimwa hizo ili iuzwe rahisi, kazi inabebeshwa prosesa ya kompyuta kupitia draiva (programu inayoendesha kifaa). Na draiva nyingi ziliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Dukani zote ni "modemu ya 56K". Leteni mliyokutana nayo.

Fundi wa Ujiji: Mkuu, mimi naomba boksi kwanza. Likisema lazima Windows na Pentium ya kiwango fulani, narudisha. Modemu inayojifanyia kazi yenyewe ina shida gani na prosesa yako? Kama boksi halipo naangalia kadi. ISA, kadi za aina ya zamani, yenye jampa (vipini vidogo) za kuchagua COM (mlango wa mawasiliano) na IRQ (namba ya kuita prosesa), kwa kawaida ni kamili. PCI, aina iliyofuata, yenye chipu moja na ubao mtupu, karibu zote ni za programu. Kwa chipu za kampuni ya Conexant, HSF ni programu tupu, HCF ipo katikati: mawimbi inafanya yenyewe, amri inaachia kompyuta.

Mwalimu, Kasulu: Shuleni kwetu tulichukua ya nje, ya waya wa serial wenye pini 9, ina adapta yake ya umeme na taa mbele. Muuzaji alituruhusu kuijaribu palepale. Tukafungua programu ya kuandikia amri, tukaandika AT, tukabonyeza enta, ikajibu OK. Hatukuweka draiva yoyote. Ila ya nje ya USB msiiamini kwa sababu tu ipo nje, nazo zimo za programu.

Mleta uzi: Asante sana mwalimu. Niongeze kitu kimoja: jaribio hilo msilifanye kwenye Windows yenye draiva tayari. Draiva ya winmodemu (ndiyo hiyo modemu ya programu) inaigiza COM na itajibu OK vizuri tu. Njooni na Linux kwenye flashi, muwashe mashine kutokea hapo.

Mdau wa Tabora: Enzi za intaneti ya kupiga simu nilikaa kwenye kafe moja hapa mjini. Mashine yenye modemu ya programu, mteja akifungua dokumenti kubwa, laini inakata. Ile ya nje haikujali kompyuta inafanya nini.

Dada wa Kibirizi: Samahani, yangu ni ya laini ya simu ya mkononi. Kikundi chetu cha wauza dagaa tunataka kompyuta itume SMS za bei kwa wanachama. Nimeletewa Huawei E3372h, intaneti inapatikana vizuri, ila fundi anasema haioni mahali pa kuandika amri. Ndiyo hii ya programu?

Mleta uzi: Hapana dada yangu, hiyo kazi ya mawimbi inafanya yenyewe. Tofauti ni namna inavyojitambulisha. E3372h inajionyesha kama kadi ya mtandao, ukurasa wake ni 192.168.8.1. Inayojionyesha kama modemu ya kupokea AT ni E3372s. Usiitupe: kwenye ukurasa huo kuna sehemu ya SMS, na zipo programu zinazotuma kupitia hapo. Kama fundi wako anataka AT tu, mwambie muuzaji herufi ya mwisho kabla hujabadilisha, maana kwa nje zinafanana. Soma kibandiko chenye IMEI.