Mafuta yakishika moto kwenye karai mnafanyaje?

MpishiSinza: Wadau, nimepanga uswahilini, tunapikia koridoni na kale kamtungi ka kilo 6. Juzi jirani anakaanga mihogo mafuta yakawaka, dogo kakimbilia ndoo ya maji tukamdaka mkono. Hivi inatakiwa nini hasa?

FundiJiko: Mlifanya la maana kumdaka. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kurusha mafuta ya moto mpaka darini. We zima gesi kama mkono unafika, funika na sinia la bati, usilibebe karai kukimbia nalo nje, halafu acha lipoe kabisa maana ukifunua mapema hewa inaingia linawaka tena.

BiMkubwaTmk: Na gesi ikinuka usiguse hata swichi ya taa, funga mtungi fungua milango, ile gesi ni nzito kuliko hewa inatuama chini. Mpira pima kwa povu la sabuni, panapotoa mapovu panavuja. Kuna watu wanapima kwa njiti ya kiberiti jamani!

FundiJiko: 😂😂 njiti tena bi mkubwa. Moto ukiwazidi tokeni wote, pigeni 114 zimamoto, muwaelekeze kwa msikiti au baa ya karibu, vichochoro vyetu mnavijua.