Uuguzi wa kisheria: kozi ya SANE, uzamili, mahabusu au uchunguzi wa vifo?

Mdau_Wodi
Wakuu, salaam. Nina shahada ya uuguzi, leseni hai, na nimekaa idara ya dharura muda wa kutosha kujua kwamba nataka kuhamia uuguzi wa kisheria, yaani ule unaokutana na polisi na mahakama. Njia zinazonivuta ni nne: kozi fupi ya SANE (kuchunguza manusura wa ukatili wa kingono), shahada ya uzamili, uuguzi wa mahabusu, na uchunguzi wa vifo. Nilinganishieni kwa muda, ajira na mzigo wa moyo. Vipeperushi vya vyuo nimeshavisoma, vyote vinasifia tu.

Bi_Sampuli
Karibu, ndugu. Mimi nipo upande wa SANE, kwa hiyo nitavutia kwangu, mnivumilie.

Kwa aliyekwisha kuwa muuguzi, hii ndiyo njia fupi. Mwongozo wa IAFN, chama cha kimataifa cha wauguzi wa fani hii, unataka angalau saa 40 za darasani kwa upande wa watu wazima na vijana, na saa 40 kwa upande wa watoto. Ukichukua kozi ya pamoja ni saa 64. Halafu yanafuata mazoezi chini ya msimamizi, na hapo ndipo wengi hukwama, maana kozi ipo mtandaoni lakini mgonjwa hayupo mtandaoni.

Usichanganye cheti cha kuhudhuria na uthibitisho. Kufanya mtihani wa SANE-A (watu wazima na vijana) au SANE-P (watoto) kunataka uwe umefanya kazi ya uuguzi miaka 2, pamoja na saa 300 za kazi hii ndani ya miaka 3 iliyopita. Anayekuahidi kwamba utathibitishwa wiki ijayo anataka ada yako.

Kazi yenyewe: unasikiliza, unachunguza kutoka utosini hadi unyayoni, unapiga picha, unachukua sampuli. Sampuli zinakaushwa na kufungwa kwenye karatasi, si plastiki, kwa sababu unyevu huharibu DNA. Kila mkono unaopokea mfuko unasaini. Lakini kabla ya yote hayo ni mgonjwa wako: dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na shingo iliyokabwa usiipuuze hata kama ngozi haina alama. Mgonjwa akikataa hatua yoyote, umekatazwa. Tibu, andika, endelea na anachokubali.

Ajira: nafasi za kudumu ni chache. Wengi wetu tuna kazi nyingine na tunaitwa simu inapolia, mara nyingi usiku.

Kalamu_Nyekundu
Nafundisha, basi niseme la uzamili. Fani hii ni changa. Virginia Lynch alikuwa miongoni mwa walioipigania Marekani, IAFN ikaanzishwa 1992, na chama cha wauguzi cha Marekani kikaitambua kama taaluma 1995. Ndiyo maana vyuo bado vinatofautiana sana: kimoja kina mazoezi hospitalini na maabara, kingine ni usomaji na insha tu.

Uzamili unafaa ukitaka kufundisha, kuongoza kitengo, kufanya utafiti au kuandika miongozo. Kama unataka kuchunguza wagonjwa, unaweza kusubiri. Ukiwa kizimbani wakili atakuuliza umechunguza wagonjwa wangapi, na tasnifu haitakujibia. Ushauri wangu kwa wanafunzi ni uleule: kozi fupi kwanza, fanya kazi, kisha rudi darasani ukiwa na swali lako mwenyewe.

Zamu_ya_Usiku
Mahabusu hakuna aliyeitetea, nami ndipo nilipo. Uingereza kazi hii imejijenga vizuri. Unaangalia kama mtuhumiwa anaweza kukaa selo salama, kama ana akili timamu ya kuhojiwa, kama ulevi wake si jeraha la kichwa linalojificha, kama atajidhuru, kama anaanza kutetemeka kwa kukosa pombe au dawa za kulevya. Unaandika majeraha, unachukua damu kwenye kesi za madereva walevi. Miongozo mingi hutoka FFLM, kitivo cha madaktari wa fani hii kilichoanzishwa 2006.

Uzuri wake ni ajira yenye ratiba na kuona kila aina ya ugonjwa. Ubaya ni kwamba polisi wana haraka na wewe huna. Askari anataka mtu wake ahojiwe sasa hivi, na wewe ndiye unayesema hapana, bila daktari pembeni. Kama huwezi kusema hapana kwa mtu mwenye sare, pita mbali.

Mzee_wa_Makaratasi
Uchunguzi wa vifo nitausema kifupi. Kwa Marekani, usajili wa ABMDI, bodi ya wachunguzi wa vifo, unataka saa 640 za uzoefu wa kuchunguza vifo, na si lazima uwe muuguzi. Maana yake unashindana na polisi wastaafu na wengineo. Faida yako ni kwamba ukiingia chumba cha marehemu unazisoma dawa zilizo mezani na jalada la hospitali bila mkalimani. Kazi ngumu si maiti. Ni kugonga mlango wa ndugu zake.

Mdau_Wodi
Asanteni. Je, kama mahakama inanitisha? Na uuguzi wa akili wa kisheria hamjautaja.

Kivuli
Huo ndio wenye ajira ya kudumu kuliko zote mlizotaja, sijui mnauficha kwa nini. Hospitali za wagonjwa wa akili zenye ulinzi mkali, kama Broadmoor ya Uingereza, iliyofunguliwa 1863, zinahitaji wauguzi kila siku. Mgonjwa unakaa naye miaka, si saa 4. Ila kama unachopenda ni ushahidi na sampuli, utachoka.

Bi_Sampuli
Mahakama inamtisha kila mtu mwanzoni. Kinachokuokoa ni karatasi uliyoiandika siku ile. Maneno ya mgonjwa yaweke kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. Usiandike "anadai", na usihitimishe "amebakwa", kwa sababu hilo ni la mahakama. Andika ulichoona: ukubwa, rangi, mahali. Na ujiandae kueleza kwamba wengi hawana jeraha lolote, na kukosa jeraha hakuthibitishi kwamba hakukutokea kitu. Swali hilo lazima liulizwe.

Zamu_ya_Usiku
Hapo nakubaliana na Bi Sampuli, kwa mara ya kwanza humu ndani. Mahabusu pia utaitwa kutoa ushahidi, kwa hiyo usije kwetu ukikimbia kizimba.

Mdau_Wodi
Basi naanza na SANE ya watu wazima, uzamili usubiri. Niulize nini kabla ya kulipa ada?

Bi_Sampuli
Nani atakusimamia kwenye mazoezi, hospitali gani, na wanapata wagonjwa wangapi kwa mwezi. Uliza pia baada ya kesi nzito timu inakaa pamoja na nani kuongea. Wakibabaika kwenye hilo la mwisho, tafuta kwingine.