Minox ya Riga na ya Ujerumani: utazitofautishaje?

Kabatini: Wakuu, kuna Minox, ile kamera ndogo sana, inauzwa bila boksi wala karatasi. Muuzaji anaapa ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Nitajuaje? Na bado inapiga picha, au ni pambo tu?

FundiShata: Ishike kwanza mkononi. Walter Zapp aliibuni Tallinn, Estonia, lakini kiwanda cha VEF cha Riga, Latvia, ndicho kilichoitengeneza, 1938 hadi 1943, kama 17,000 hivi. Bodi ya Riga ni chuma kisichoshika kutu, karibu gramu 130. Ikiwa nyepesi, hiyo ni alumini, yaani ya Ujerumani, 1948 na kuendelea. Soma na maandishi: za mwanzo zina "Made in Latvia", Wasovieti walipoingia 1940 yakawa "Made in USSR". Ukiona kidirisha chenye vitundu kama sega la nyuki, hicho ni kipimamwanga cha seleni (madini yanayotoa umeme yakipigwa na mwanga), na kamera ni modeli B ya 1958 au baadaye. Hapo muuzaji anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kabatini: Asante mkuu. Kidirisha kipo! Basi ni B. Filamu yake je?

NegativiNdogo: B ni nzuri kwa kazi, usisikitike. Seleni haitaki betri, ila huchoka. Sindano ya kipimamwanga isipocheza hata juani, kadiria mwanga mwenyewe. Lenzi ni mm 15, uwazi wake f/3.5 haubadiliki, kwa hiyo unacheza na kasi ya shata (kilango kinachofunguka kuingiza mwanga) tu.

Filamu unakata mwenyewe, upana mm 9.2. Filamu ya mm 35 inatoa vipande viwili kati ya matundu. Ya 120, ile pana, inatoa sita. Kata gizani kwa kikatio chenye wembe uliofungwa imara: upana ukizidi kidogo tu, filamu inakwama ndani ya kaseti. Picha 36 za mm 8 × 11 zinakula zaidi ya sm 40, bado hujaongeza kichwa na mkia.

FundiShata: Jambo moja watu hulisahau. Lenzi ya Complan, iliyo kwenye modeli za III na B, huchora picha kwenye filamu iliyopindwa. Ukikuza negativi hiyo kwenye mashine inayoilaza bapa, pembe zinafifia, kisha unailaumu kamera bure. Mashine ya Minox yenyewe huipinda vilevile.

Kwa kupiga nyaraka, nyoosha mnyororo wa kamera wa kupimia umbali: sm 40 hukupa eneo la takriban sm 20 × 28, A4 haienei yote.

NegativiNdogo: Na usiifungue na kuifunga ovyo ukiionyesha watu. Nyingi za zamani husogeza filamu kila ukivuta na kusukuma, umepiga hujapiga.