Tupeane uzoefu: kukoroma kunakokata pumzi

Mwenye mada, Jang'ombe: Assalaamu alaykum. Kwa miaka mingi niliamini kuwa kukoroma ni urithi wa ukoo wetu, mpaka usiku mmoja mke wangu aliponirikodi kwa simu na kunisikilizisha asubuhi. Sauti inapanda, inapanda, kisha inakatika ghafla, ikabaki ya feni peke yake. Nikahesabu sekunde 22 kabla ya kumsikia mtu, ambaye ndiye mimi, akishtuka na kuvuta pumzi kama mzamiaji aliyeibuka. Nilipovuka kwenda Dar es Salaam kupimwa usingizi, nilikutwa pumzi inakatika mara 41 kwa saa, ilhali kuanzia mara 30 maradhi huhesabiwa kuwa makali. Dalili nilikuwa nazo zote: kichwa kuuma kila asubuhi, kuamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo (nikidhani ni sukari), presha isiyosikia dawa, na kusinzia kwenye khutba ya Ijumaa. Hata fundi wangu wa kanzu alikuwa na habari kabla yangu, maana kila Idi ilipokaribia alizidisha kipimo cha shingo hadi kikavuka inchi 17, na kumbe madaktari nao huitazama shingo hiyo hiyo. Tafadhalini, nanyi elezeni yenu.

Mama wa Wete: Waalaykumu ssalaam, kaka. Mimi si mnene wala sikoromi sana, ndiyo maana hakuna aliyenishuku. Nilikuwa nikizindukana usiku nimekabwa roho, na mchana nimechoka kama niliyelima, tangu nilipokoma hedhi. Nyumbani wakasema ni jinamizi, nikanywa kombe, yale maji ya aya za Kurani. Kisomo sikikatai, lakini daktari alinitazama taya, akasema ni dogo na limerudi nyuma, hivyo ulimi unaziba njia ya hewa ninapolala chali. Yangu ni mara 9 kwa saa, hafifu, na imenitosha kulala ubavu: binti yangu alinishonea mfuko mgongoni mwa fulana, ndani akatia mpira mdogo, nikigeuka chali unaniumiza.

Dereva wa Mkoani: Mwezi uliopita nilisinzia kwenye usukani mchana kweupe, namshukuru Mungu gari haikuwa na abiria. Hiyo mashine ya kulalia wanayosema hupewa wenye maradhi haya, ndiyo mtungi wa oksijeni? Na umeme ukikatika?

Mwenye mada: Ndugu yangu, kwanza usukani mwachie mwenzako mpaka utakapopimwa, na usijaribu vidonge vya usingizi, kwani huzidi kulegeza koo. Mashine si mtungi. Huvuta hewa hii hii ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu kupitia barakoa, ili koo lisijifunge. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nikiivua usingizini bila kujua, tena ikivuja kwenye ndevu, hadi nilipopata barakoa ndogo ya puani. Kichwa kiliacha kuuma ndani ya mwezi, presha ikachukua muda zaidi. Umeme ukikatika natumia betri, nayo ikiisha nalala ubavu na mto wa juu, ingawa si sawa na mashine. Mama wa Wete, huo mfuko ulishonwa usawa wa mabega au kiunoni? Mke wangu keshatoa sindano.