Mrejesho: Nimewaambia kanisani

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kama ni aibu kuwaeleza waumini wenzangu kwamba mume wangu kavunjika mguu kwenye bodaboda na kodi imetushinda. Wengi mlisema nimwone mchungaji. Nilishindwa, nikamnong'oneza mama mmoja wa kwaya. Jumamosi wakaja kina mama sita na matoke, unga wa posho na sabuni. Mmoja akafua hadi mablanketi! Hapa Kampala nimezoea mabugo, ile michango ya msibani ya Waganda. Kumbe hata aliye hai huchangiwa. Kodi ya mwezi mmoja imelipwa, wa pili bado. Mzee mmoja kaninunia, eti natangaza shida. Mume wangu anatembelea magongo tangu juzi.